Kwa Treni Hadi Kapiri Mposhi, Kisha Mbele

Jumanne, 10 Julai 2018

Treni ya kawaida ya TAZARA (reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia), ile inayosimama karibu kila stesheni, huondoka Dar es Salaam Jumanne kabla ya saa nane mchana. Nimeichagua makusudi badala ya ile ya haraka ya Ijumaa, kwa sababu hii huingia mbuga ya Selous kabla jua halijazama. Nilishuka daladala kwenye makutano ambako daraja la juu linakaribia kumalizika, nikakatisha vumbi la ujenzi hadi ndani ya ukumbi mkubwa wa stesheni, begi mgongoni.

Ndani ya begi kuna pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, sweta nzito, tochi, dawa za malaria, dola nilizozigawa sehemu tatu tofauti, na kanga mbili. Kanga ni shuka, ni taulo, ni pazia la kitanda, ni kitu cha kujitanda unapoingia mahali pa heshima. Msichana anayesafiri peke yake akibakiwa na nafasi ya kitu kimoja tu kwenye mzigo, achukue kanga.

Daraja la pili lina vitanda sita chumba kimoja, na wanawake hulala kwao, wanaume kwao. Hilo lilinipa amani kuliko kufuli yoyote ambayo ningeweza kununua. Nimemkuta mama mmoja wa Tunduma na marobota ya Kariakoo yaliyojaa hadi chini ya vitanda, dada wa Kizambia anayerudi Kasama na mzigo wa viatu vya watoto, na bibi anayeshuka Mlimba na mjukuu wake. Niliwasalimu, nikapanda kitanda cha juu, na kabla sijanyoosha miguu swali likaja.

"Mwanangu, unafuata nini Zambia?"

"Natembea tu, mama."

"Kutembea kwa nani?"

"Sina mtu kule."

Wakatazamana. Kwetu mtu akivuka mpaka ana mzigo wa kuuza, ana msiba, ana mgonjwa, au ana ndugu anayemngoja stesheni. Kwenda nchi ya watu kwa ajili ya kuiona tu tumewaachia Wazungu, na siku zote nimeona tumejinyima kitu kizuri mno. Zambia ipo hapo jirani. Raia wa Tanzania haombi viza, na reli inayotuunganisha ipo tangu kabla mimi sijazaliwa. Bibi ndiye aliyekata ukimya: "Basi Mungu akutangulie." Kisha akanipa ndizi.

Tulipopita maeneo ya Gongo la Mboto bibi alinyoosha kidole upande yalipo makaburi ya mafundi wa Kichina waliokufa wakijenga reli hii. Marehemu mumewe alikuwa kibarua kwenye ujenzi, sehemu za Mlimba, na alimsimulia jinsi kazi ilivyokuwa haisimami, usiku wanawasha taa na kuendelea kuchimba. Nilijua habari hizo kwa vitabu: kilomita 1,860, zilizojengwa kati ya 1970 na 1975, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Nilijua pia sababu yake. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia, isiyo na bahari, ikawa shaba yake inategemea njia zinazopita kwa watu wanaoipinga. Nchi za Magharibi zilikataa kugharamia reli ya kwenda Dar, China ikakubali. Lakini kumsikia mjane wa mtu aliyeshika sururu akisema "hapa walilala kwenye mahema" kuna uzito ambao kitabu hakina.

Saa kumi na mbili jioni tuliingia Selous na watu wote wakahamia madirishani. Tuliona twiga, tena karibu, kisha swala, kisha kundi la pundamilia lililosimama likitutazama bila wasiwasi. Mjukuu wa bibi alipiga kelele kwa kila mnyama, na mama wa Tunduma, aliyepita njia hii maisha yake yote, alimshika mkono akimtajia majina.

Usiku ulikuwa wa Kombe la Dunia. Ufaransa na Ubelgiji walikuwa wanacheza nusu fainali na mtandao ulikuwa unakuja tukikaribia vituo na kupotea tukiingia porini. Behewa la chakula lilijaa vijana wenye simu mikononi wakingoja. Tulipokaribia kituo fulani upande wa Ifakara simu zikalia kwa pamoja, bao la Umtiti, na behewa zima likaruka. Nilikuwa nakula wali kuku katikati ya hayo yote, na sikujisikia mpweke hata kidogo.

Jumatano, 11 Julai

Bibi alishuka Mlimba usiku wa manane. Nilimsaidia kushusha mabegi, akaniombea tena pale pale kwenye giza la stesheni.

Alfajiri niliamshwa na baridi. Treni ilikuwa inapanda, taratibu, injini ikivuma kwenye kona. Kati ya Mlimba na Makambako ndiko reli hii ilikowatoa jasho wajenzi kuliko kote: bonde la Kilombero linakwisha na ukuta wa nyanda za juu unaanza. Njia nzima ina madaraja zaidi ya 300 na mahandaki zaidi ya 20, na mengi yako kwenye kipande hiki. Tuliingia handakini giza likawa totoro, tukatoka kwenye mwanga na bonde lenye ukungu liko chini yetu, tukaingia tena. Nilisimama kwenye ujia wa behewa nimejifunga kanga zote mbili juu ya sweta. Ningekuwa na uwezo, kila mtoto wa Tanzania angepitishwa hapa mara moja kabla hajamaliza shule.

Makambako walipanda wauza viazi, njegere na chai. Baada ya hapo mashamba, mipaini, nyumba za tofali za kuchoma, hadi Uyole karibu na Mbeya, ambako reli hufika kilele chake, mita 1,789 juu ya usawa wa bahari.

Mbeya walipanda wanawake wawili na viroba vilivyotoa harufu ya udongo mbichi. Dada wa Kasama alivitambua mara moja akaguna kwa furaha: chikanda. Nilikuwa nimesikia habari zake lakini sijawahi kuiona. Ni viazi vidogo vya okidi za porini, vinavyochimbwa milimani upande wa Makete na kwingineko Nyanda za Juu Kusini, vikasafirishwa hadi Tunduma na kuvushwa. Sisi wengi hatuvili. Wazambia wanavipenda sana: huvikausha, huvitwanga, huchanganya na unga wa karanga, pilipili na magadi, hupika hadi vigande, kisha hukatwa vipande kama keki.

Mama wa Tunduma alieleza biashara hiyo kwa kina, nani ananunua kwa debe, nani anakopesha wachimbaji. Nikamuuliza mmea unabaki vipi ukishachimbwa kiazi. Akasema haubaki. Hapo dada wa Kasama naye akaeleza kwamba kwao zamani chikanda ilichimbwa jirani na kijiji, lakini sasa inatoka mbali, inatoka kwetu. Uwanda wa Kitulo, huko huko Makete, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na kulinda maua haya ilikuwa sehemu kubwa ya sababu. Kuna aina zaidi ya 40 za okidi pale. Ninaamini hifadhi peke yake haitatosha mpaka mtu atafute namna ya kulima chikanda shambani, maana mwanamke yule wa viroba ana watoto wa kusomesha, na mlaji wa Lusaka ana kumbukumbu ya chakula cha bibi yake. Hakuna kati yao ninayeweza kumlaumu.

Tunduma tulifika jua likielekea kuzama. Maofisa wa uhamiaji hupanda ndani ya treni: kwanza wetu, wakagonga muhuri wa kutoka, kisha treni ikasogea kidogo tu na tukawa Nakonde, wakapanda wa Zambia. Mama wa Tunduma alikuwa ameshashuka na marobota yake, akiniachia namba yake ya simu na agizo la kumpigia nikifika popote nitakapolala. Wabadilisha fedha walipita chumba hadi chumba. Dada wa Kasama ndiye aliyenisimamia: akahesabu kwacha kabla sijatoa shilingi, akakataa bei ya wa kwanza na wa pili, akakubali ya tatu. Kwacha moja ilinigharimu karibu shilingi 230.

Ofisa wa Zambia alikuwa mwanamke wa makamo. Aliuliza nakwenda kwa nani na kwa shughuli gani. Nikasema sina mwenyeji, nimekuja kuitembelea nchi, nitafika Lusaka na Livingstone. Alifungua pasipoti yangu akaitazama tena. "Watanzania wanapita hapa kila siku kufanya biashara," alisema kwa Kiswahili kizuri kabisa. "Wewe angalia nchi yetu vizuri." Akagonga muhuri wa siku nyingi kuliko nilizoomba.

Saa kwenye simu ilirudi nyuma saa moja. Nje ya dirisha kila kitu kilifanana na dakika tano zilizopita, mahindi yale yale, watoto wale wale wanaopunga mikono, na mimi nilikuwa ughaibuni kwa mara ya kwanza maishani. Ndege inakutupa kwenye nchi mpya ghafla. Treni ilinipa nchi hii kidogo kidogo, na kwa mtu wa peke yake hiyo ni rehema.

Alhamisi, 12 Julai

Dada wa Kasama alishuka usiku. Asubuhi chumba kilikuwa na wanawake wageni kwangu wote, na Kiswahili kilikuwa kimekwisha. "Mwashibukeni," walisema. Nilijibu vile vile nilivyosikia, wakacheka kwa furaha na kunirekebisha. Hadi Mpika nilikuwa naweza kusalimia, kushukuru na kuuliza bei kwa Kibemba. Kushukuru ni "natotela sana", kwa hiyo nusu nilikuwa naijua tayari.

Mpika nilinunua kipande cha chikanda dirishani. Ni laini, chenye karanga nyingi, na pilipili inakuja mwishoni. Nilikula nikiwafikiria wale wanawake wa Mbeya.

Kutoka Mpika kwenda Serenje ni msitu wa miombo usioisha. Mimi nimekulia Bagamoyo, na kipande hiki nilikuwa nakisubiri kuliko vyote, ingawa hakuna cha kuona dirishani zaidi ya miti. Magharibi ya reli hii, nchi ya Chifu Chitambo, ndiko David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi Mskoti, alikofariki mwaka 1873. Watumishi wake Susi na Chuma, pamoja na wenzao wa msafara, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwenye magome na kitambaa, wakaubeba kwa miguu hadi kwetu Bagamoyo. Walitembea zaidi ya kilomita 1,500 na kufika Februari 1874. Tukiwa watoto tulipelekwa kuona mnara wa kanisa mwili ulipolazwa, na mwalimu alituambia habari za Livingstone tu. Waliobeba walikuwa "wapagazi".

Tangu Jumanne nimekuwa nikilala kitandani na kula wali kuku, na bado ni mbali. Wao walipita humu wakiwa na wagonjwa wao na wafu wao, vijiji vingine vikiwaogopa kwa sababu ya maiti, na hakuna aliyewalazimisha. Wangeweza kumzika pale pale na kurudi makwao. Nilisimama dirishani hadi Serenje nikiitazama ile miti, na nilitaka sana mtu wa kumweleza. Hiyo ndiyo mara ya kwanza safari hii nimetamani kuwa na mwenzangu.

Kapiri Mposhi tulifika alasiri. Stesheni ilikuwa na vurugu ya kawaida ya mwisho wa reli: makondakta wanavuta mabegi, teksi, wauza mahindi ya kuchoma. Mama mmoja niliyekuwa naye chumbani alinishika mkono, akanipeleka hadi kwenye basi dogo la Lusaka na kumwambia kondakta kwa Kibemba maneno ambayo sikuyaelewa, ila nilikalishwa kiti cha mbele na sikutozwa hela ya begi. Ni kama kilomita 200, kupitia Kabwe. Nilifika usiku, nikachukua teksi niliyoelekezwa na dereva wa basi, nikalala kwenye nyumba ya wageni yenye chumba cha vitanda vya ghorofa. Nikawapigia mama yangu na mama wa Tunduma, kwa mpangilio huo.

Ijumaa, 13 Julai

Chumbani tulikuwa wanawake wanne. Mjerumani mmoja na Waholanzi wawili walikuwa wanaelekea nilikotoka, reli ile ile, kisha Zanzibar. Waliponiuliza ninafanya kazi hapa niliwaambia hapana, natembea kama nyinyi. Tulikaa jikoni na ramani yao hadi saa nne asubuhi, nikawaandikia namna ya kusalimia wakubwa, wapi pa kushuka kwenda Bagamoyo, na wakae upande gani wa treni machweo wakiwa Selous. Walinipa chupa ya dawa ya mbu. Nadhani mimi ndiye niliyepata zaidi, kwa sababu kuanzia hapo niliacha kujiona kama mtu anayefanya jambo la wengine.

Lusaka niliizunguka kwa miguu. Cairo Road ni pana na ina miti katikati. Sanamu ya Uhuru, mtu anayekata minyororo, iko nje kwenye barabara na mtu yeyote anaweza kuisogelea. Kisha basi dogo hadi Chilenje, kwenye nyumba namba 394, ambako Kenneth Kaunda aliishi kuanzia 1960 hadi 1962 akipigania uhuru. Ni kijumba. Mtu akisema nyumba ya rais wa kwanza wa taifa unategemea kitu. Hapa kuna vyumba vidogo na uwanja wa kutosha watu wachache kukaa mkutano. Mzee Kaunda alikuwa bado hai, na mtunza nyumba alimtaja kwa sauti ya mtu anayemzungumzia baba yake. Aliponisikia natoka Tanzania alisema tu, "Nyerere," akanishika mkono kwa mikono miwili. Nimezaliwa Mwalimu ameshang'atuka, na bado mkono ule niliupokea kwa niaba yake.

Chakula cha mchana: nshima, ifisashi, kapenta. Nshima ni ugali wetu uliosongwa laini zaidi, kapenta ni dagaa. Ifisashi, mboga za majani zilizopikwa kwa karanga zilizotwangwa, nitaipika nikirudi nyumbani. Mama ntilie alikataa kuamini kwamba mimi si Mzambia mpaka nilipofungua mdomo.

Jumamosi, 14 Julai

Siku ya basi. Kilomita zaidi ya 470 hadi Livingstone: Kafue, mashamba ya miwa ya Mazabuka, Monze, Choma, Kalomo. Nililala nusu ya njia.

Jumapili, 15 Julai

Maporomoko ya Victoria nimeyasikia kabla sijayaona. Kutoka mjini unaona wingu jeupe limesimama juu ya miti kwenye anga isiyo na wingu jingine, na ukikaribia ardhi inanguruma. Wenyeji wanayaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Upana wa maporomoko ni mita 1,708, na maji yanaanguka mita 108 kwenye ufa mwembamba wa mwamba, kwa hiyo yakigonga chini hayana pa kwenda ila kurudi juu. Ndiyo maana mwezi huu, mto ukiwa bado umejaa, unanyeshewa kutoka chini kwenda juu. Nilikodi koti la mvua nikavuka daraja la miguu la Knife Edge. Katikati ya daraja sikuweza kuona mkono wangu. Kisha upepo ukageuka, pazia likafunguka, na nikaona ukuta wote wa maji na upinde wa mvua uliokamilika duara, umezunguka miguu yangu. Nililia. Mwanamume mmoja wa Kizambia aliyekuwa na wanawe aliniona, akasema, "Hata mimi kila nikija," akaendelea kuwashika watoto.

Karibu na mlango wa hifadhi kuna sanamu ya Livingstone. Watu wa Chifu Sekeletu ndio waliomleta hapa kwa mtumbwi mwaka 1855, na Susi na Chuma ndio waliomrudisha pwani. Nilitafuta majina yao pale chini, na sikuyaona. Bagamoyo tunaweza kuanza sisi. Tuna mnara, tuna ufukwe walikofikia; kinachokosekana ni jiwe lenye majina mawili, na nikirudi nitaanza kuulizia linachongwa wapi na nani wa kumwomba ruhusa.

Jioni saa kumi na moja fainali. Baa ya jirani na ninapolala ilijaa, na karibu wote walikuwa Ufaransa, wakiwahesabu wachezaji wenye asili ya Afrika kwa majina na kwa nchi za wazazi wao. Mabao manne kwa mawili. Mbappé alipofunga, kijana aliyekaa mbele yangu alimwaga soda yake yote mezani na hakuna aliyejali.

Kesho naelekea Kazungula, kama kilomita 70 magharibi, ambako mwaka huu, 2018, pantoni inavusha watu mto Zambezi kuingia Botswana huku daraja jipya likijengwa pembeni yake. Mwenye nyumba ameniambia niwahi, kwa sababu malori yanapanga foleni tangu alfajiri. Nguo zilizoloa nimezianika, mayai ya kuchemsha yako kwenye begi, na mama wa Tunduma ameniagiza nimuulizie bei ya mablanketi upande wa pili.